Babu hakutoroka: barua ya mjukuu wa manamba

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama tunalingana basi habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana kuna barua ya msomaji mwenzetu niliisoma wiki mbili zilizopita imenikaa moyoni mpaka leo. Aliandika kuhusu sisi tuliozaliwa kwenye kambi za mkonge huku Tanga, wajukuu wa manamba, yani vibarua walioletwa kutoka mbali kukata mkonge, akasema eti umaskini wetu ni wa kujitakia, babu zetu waliwakimbia wazazi wao wakaja huku kukata majani, hela wakanywa zote, hapa hawakujenga na kwao hawakurudi, na sisi wajukuu tumerithi uvivu huohuo. Sitaki kumtukana huyo ndugu. Mi mwenyewe niliamini hivohivo kuhusu babu yangu mpaka nimefika miaka thelathini na kitu, na aliyenifundisha kuamini hivo ni baba yangu mzazi, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu baki.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Muha wa Kasulu. Alikuja Korogwe mwaka 1951 akiwa kijana wa kama miaka kumi na nane, akafa 1989 hajakanyaga tena kwao. Basi, hiyo ndo habari yote tuliyokuwa nayo nyumbani. Ukimuuliza babu mbona hurudi kwenu anasema "kule hakuna mtu" afu anaongeza sauti ya redio. Bibi alikuwa anasemaga ndugu zake hawamtaki, aliwaandikia barua hawakujibu. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mkali zaidi, alikuwa anasema mtu aliyeweza kumsahau mama yake utamtegemea kwa lipi, na kila jambo baya kwenye ukoo wetu, mtu kuacha shule, mtu kuachika, mtu kulewa, lilikuwa linarudishwa kwa babu, kwamba tuna damu ya mtoro.

Kuna kitu kimoja cha babu ambacho sisi watoto tulikuwa tunakiiga. Akisalimiana na mtu anapiga makofi taratibu, pa pa pa, mikono ameikunja kifuani kidogo, anainama. Tulidhani ni zake mwenyewe tu, mazoea ya mzee.

Mwaka 2018 baba alipokwisha fariki nikaamua kwenda. Nilipanda treni ya reli ya kati Dar mpaka Kigoma, kutoka pale nikachukua gari mpaka Kasulu, nikiwa na majina mawili tu, la baba yake babu na la kilima walichokuwa wanakaa. Asubuhi ya kwanza nimesimama kituoni nikamuona mama mmoja anakutana na mwenzake, "mwakeye", wakaanza kupiga makofi yale, na mwingine, na mwingine, mtaa mzima, jamani nililia pale mbele za watu nikajifanya vumbi limeniingia. Miaka yote tulikuwa tunaona zile ni tabia za mtu mmoja, kumbe alikuwa amebeba nchi nzima kwenye viganja.

Siku ya tatu nikampata mdogo wake, mzee wa miaka sabini na tatu, ana macho ya babu kabisa. Nikategemea nitapokelewa kwa furaha, na walinipokea ndio, kuku alichinjwa, ila jioni mzee akanieleza stori yao na stori yao ilikuwa ni ileile ya baba yangu imegeuzwa tu upande. Kwamba kaka alikwenda Tanga, mwanzoni alituma salamu na hela kidogo, akatuma na blanketi la mama, baada ya uhuru barua zikawa chache, mwisho zikakatika kabisa, mama yao akafa anamuulizia, na mpaka leo pale kwao kijana akisema anaondoka wazee wanamwambia usije ukawa kama yule wa Tanga. Yani huku Korogwe tunasema Kasulu walimtupa, na kule Kasulu wanasema yeye ndo aliwatupa, kila upande umekaa na kidonda chake zaidi ya miaka arobaini.

Nikamuuliza barua zilikuwa zinapitia wapi. Akasema zinafika shule ya misheni pale kilimani, mwalimu anawaita. Nikamwambia nipeleke nikaione hiyo shule. Mzee akaniangalia kama sijaelewa kitu, akasema pale hakuna mtu, sisi pale tulihamishwa.

Mhariri, maneno yaleyale ya babu, "kule hakuna mtu". Ilikuwa 1972, Operesheni Kigoma, serikali ilipowatoa watu kwenye vilima walikokaa wametawanyika ikawaweka kwenye vijiji vya ujamaa, na mkoa wa Kigoma ulikuwa wa mwanzo mwanzo kabla zoezi halijasambaa nchi nzima miaka ya 1973 mpaka 1976. Ukoo wa babu ulihamishwa kwa siku chache, nyumba zao kule zikaachwa, na barua za babu ziliendelea kwenda kwenye kilima ambacho hakina mtu. Zao za kuja huku nazo zilikuwa zinaandikwa kwa jina la shamba na kambi aliyokuwapo mwanzo, na babu alishahama kambi mara mbili kufuata kazi. Hakuna aliyemtupa mwenzie. Lakini nani angewaambia? Babu alikufa akiamini hatakiwi na mama yake alikufa akiamini kasahauliwa.

Toka siku ile nikaanza kusoma na kuuliza wazee, na ndo nilipogundua kwamba hata kuondoka kwake 1951 hakukuwa uamuzi wake peke yake kama tulivyokuwa tunahadithiwa. Mdogo wake aliniambia baba yao alikuwa anadaiwa kodi. Kodi yenyewe Wajerumani ndo waliianzisha 1898, kodi ya kibanda, Waingereza wakaja wakaendelea nayo, baadae ikawa ya kichwa, na hela ya kulipia huipati kwa mihogo na maharage ya kula nyumbani. Wachaga walikuwa na kahawa yao, Wasukuma wana pamba, Buha, yani huko kwa Waha, hakukuwa na zao la maana la kuuza, na wakoloni hawakuwa na haraka ya kulileta maana walikuwa wanaihesabu Kigoma kama mahali pa kuchota vibarua. Ongeza na ugonjwa wa malale, miaka ya 1930 watu walishahamishwa mara moja kutoka kwenye mapori kwa sababu ya mbung'o, wakaacha mashamba. Sasa kwenye hali hiyo linapita gari la Silabu.

Silabu wazee wote wa umri fulani wanaijua, lilikuwa shirika la wenye mashamba ya mkonge la kukusanya vibarua, lilianza 1944, linakwenda Kigoma, Njombe, Songea, linaandikisha vijana, linawasafirisha, linawapa posho ya njiani na blanketi. Kila mtu anapewa namba yake, ndo huko neno manamba lilikotoka. Babu alikuwa anahesabiwa kwa namba kabla ya jina. Reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaungana, kipande cha Ruvu mpaka Mnyusi kimekuja kufunguliwa 1963, kwa hiyo walishushwa Morogoro wakamalizia kwa lori wamesimama.

Na kwa nini 1951? Hapa ndo nilipokaa nikashika kichwa. Mkonge wenyewe si mmea wa kwetu, ni wa Mexico. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, mwaka 1893 aliagiza miche elfu moja kutoka Florida ikapitia Hamburg, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani, na ndo wazazi wa mashamba yote mnayoyaona. Ilipofika 1942 Wajapani wakazichukua Ufilipino na Indonesia, kule ndo Waingereza na Wamarekani walikokuwa wanatoa nyuzi za kamba za meli na za jeshi, ikabidi waigeukie Tanganyika, mpaka watu walikuwa wanakamatwa kwa nguvu kupelekwa kwenye mkonge wakati wa vita. Vita ikaisha, 1950 ikaanza nyingine Korea, kila nchi inanunua inaweka ghalani, bei ya mkonge ikapaa 1951 kuliko ilivyowahi kuwa, wenye mashamba wanataka mikono zaidi na zaidi, na gari la Silabu likafika mpaka kilimani kwa kina babu. Kijana wa Kasulu ambaye hajawahi kuona bahari wala kusikia neno Korea. Ukimuuliza angekwambia nimeondoka kutafuta mahari na kumlipia baba kodi, na ni kweli kabisa, na hilo la Korea pia ni kweli.

Kuhusu uvivu naomba nimjibu ndugu yetu moja kwa moja. Mkonge jani lake lina mwiba ncha kama sindano, ndani kuna utomvu unaowasha ngozi. Mkataji anakata jani anatoa mwiba anafunga majani thelathini tita moja, anabeba kichwani mpaka kwenye reli ndogo, na idadi ya matita ya siku ikipungua mnyapara hakupi siku, kwenye kadi yako haiandikwi. Kadi yenyewe ndo kipande, kina nafasi thelathini, unalipwa zikijaa zote thelathini, na siku za kuumwa na za mvua hazihesabiwi, kwa hiyo mwezi wa manamba ulikuwa unaweza kwenda siku arobaini. Babu alikata miaka kumi na moja, afu akahamia korona, ile mashine ya kusaga jani kutoa singa, yani nyuzi zake, mpaka kidole chake kimoja kikabaki huko. (2020 ugonjwa ulipotangazwa redioni wazee wa kambini walishtuka sana, korona wao ni hiyo mashine, bibi mmoja aliniuliza imefunguliwa tena?) Mtu wa kazi hiyo utamwita mvivu?

Sisemi babu alikuwa malaika. Siku ya mshahara alikunywa, bibi alikuwa anamfuata kilabuni na mtoto mgongoni achukue hela ya unga kabla haijaisha, na baba yangu alipigwa. Hayo nayaweka hapahapa wazi maana kuelewa mtu alikotoka sio kumfutia makosa, bibi alistahili maisha mazuri zaidi ya yale. Ila ulevi wa siku ya mshahara kwenye kambi ya wanaume elfu moja waliotengwa na mama zao na wake zao, na kilabu kipo hatua chache toka dirisha la malipo, huo tusiuite damu ya ukoo wetu.

Bibi naye alizaliwa kambini, baba yake Mbena wa Njombe. Yeye hajui Kiha, babu hajui Kibena, nyumbani ikawa Kiswahili, kwa hiyo watoto wao na sisi wajukuu lugha ya mama ni Kiswahili moja kwa moja. Nikiwa shule nilikuwa naona aibu nikiulizwa kabila nashindwa kusema hata salamu. Leo naona tofauti. Kwenye mstari mmoja wa nyumba za kambi ulikuwa unamkuta Muha, Mnyamwezi, Mmakonde aliyevuka Ruvuma, Mrundi, Mngoni, Mbena, wanazikana, wanaoleana, wanagombana, wote kwa Kiswahili cha kujifunzia hapohapo shambani. Tunapenda kusema Mwalimu alituunganisha, na alituunganisha kweli, ila alikuta kuna watu wameshaanza kuungana kwenye matita. Hao hao 1958 na 1959 waligoma shamba baada ya shamba wakidai mishahara, na kwenye sanduku la babu tulikuta kadi ya TANU imechakaa pembeni lakini jina linasomeka, jina lake kamili, bila namba. Baba hakuwahi kutuonyesha hiyo kadi.

Baada ya uhuru ndo nilikuwa nasikia huku mtaani kwamba watu walibweteka mkonge ukafa. Jamani. 1964 nchi hii ilitoa kama tani laki mbili na elfu thelathini za mkonge, tulikuwa wa kwanza duniani. Sehemu kubwa ya singa hizo zilikwenda kuwa kamba za kufungia majani makavu kwenye mashamba ya Marekani na Ulaya, mkulima wa kule alikuwa anafungia chakula cha ng'ombe wake kwa jasho la Korogwe. Afu viwanda vya kule vikaanza kutengeneza kamba za plastiki kwa mafuta ya petroli, rahisi, haziozi, bei ya mkonge ikaporomoka kuanzia hapohapo katikati ya miaka ya sitini. Mashamba yakapunguza watu. 1967 mengi yakataifishwa na mimi sio mtu wa kusema hilo lilikuwa kosa au sawa, wengine wanasema uongozi uliharibu na kuna ukweli, vipuri vilikosekana, upandaji ulisimama, lakini hata ungeweka mameneja wazuri wa dunia nzima usingeizuia plastiki. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya tisini nchi nzima ilikuwa inatoa kama tani elfu 20. Nendeni dukani Korogwe leo mkanunue kamba ya plastiki, mtauliza "kamba ya manila" maana ndo jina tunaloiita. Manila ni mji mkuu wa Ufilipino, nchi ileile ambayo Wajapani walipoichukua, mkonge wetu ukapata soko. Kila nikilisikia hilo jina dukani namkumbuka babu.

Yeye alipunguzwa 1969 akarudishwa, akapunguzwa tena, miaka ya themanini mshahara unaweza ukachelewa miezi. Nauli ya kwenda Kigoma na watoto sita angeipata wapi, na angekwenda kwa nani kama barua hazijibiwi? Hapo ndo lile neno "hakurudi" linapoishia kwangu.

Sasa hivi binti wa shangazi yangu yuko Oman anafanya kazi za ndani, alipitia kwa wakala, nauli ilikatwa kwenye mshahara, mkataba miaka miwili ulishageuka minne. Mama yake anaanza kusema kule kwa majirani "yule ametusahau". Nilimkatalia mbele za watu kwa sauti ambayo sikupaswa kumpandishia mtu aliyenizidi umri, nimeshamwomba radhi. Lakini Mhariri najua hiyo sentensi inakoishia, ninaijua vizuri kabisa.

Ninachoomba kupitia gazeti lako ni mambo ya kawaida tu. Wazee waliokata mkonge kabla ya uhuru wamebaki wa kuhesabika, wengi wana miaka tisini, wanaokaa nao wawaulize wakiwa bado na kumbukumbu, uliletwa na nani, mwaka gani, ulishuka wapi, kwenu panaitwaje, waandike hata kwenye daftari la shule au warekodi kwa simu. Wenye mashamba wa sasa, wa serikali na wa binafsi, kama kuna stoo ina vitabu vya majina na vipande vya zamani msivichome kupisha nafasi, pelekeni Nyaraka za Taifa. Na makaburi ya kambi. Shamba alilozikwa babu sasa lina mwenyewe mwingine, makaburi mengi yana kijiti au hayana kitu, mengine yamebaki mstari wa mawe tu kwenye nyasi, msimu wa kusafisha vitalu trekta linapita karibu sana. Tulipolizungusha la babu tofali tuliyahesabu ya jirani yake tukafika mia moja na kumi tukaacha maana giza liliingia.

Mzee wa Kasulu alikuja mwaka uliofuata, nilimtumia nauli. Alifika pale kaburini akakaa kimya muda mrefu, afu akapiga yale makofi, pa pa pa, akaongea Kiha ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekielewa, na hatukumuuliza alisema nini.

Kama kuna msomaji wa Kasulu, Kibondo, Njombe, Songea au popote ambako kuna mtu aliondoka na gari la Silabu hakurudi, na mnajua jina la shamba au hata la stesheni tu, andikeni kupitia kwa Mhariri huyu. Mimi nakaa hapahapa Korogwe, jumapili huwa sina kazi, nitakwenda kuangalia na kuulizia wazee waliobaki.

Wako,
Mjukuu wa manamba,
Korogwe, Tanga